Nani Ameiona Agwara?

Mhakiki akija Logiri kutazama agwara, ngoma ya baragumu zinazopulizwa kwa ubavuni, huandika kurasa kuhusu baragumu na mavazi. Miguu huipa sentensi moja. Sidhani ni uvivu. Nadhani hakuiona.

Mwaka 2005, huko London, Beatriz Calvo-Merino na wenzake waliwaonyesha wacheza baleti na wacheza capoeira filamu za michezo yote miwili huku mashine ikipima ubongo wao. Sehemu zinazohusika na kutenda ziliitikia zaidi kila mmoja alipotazama mchezo aliofunzwa. Mtu anaweza kusema hayo ni mazoea ya macho tu. Ndiyo maana jaribio lao la 2006 lina uzito zaidi kwangu. Katika baleti wanaume na wanawake huonana mazoezini kila siku, ila kuna mitindo inayochezwa na jinsia moja pekee. Macho yameizoea yote, lakini ubongo uliitikia zaidi ile ambayo mwili wenyewe huicheza. Mwaka huohuo Casile na Giese waliwafunga watu vitambaa machoni, wakawafundisha mwendo wa mikono usio wa kawaida. Baadaye waliutambua vizuri zaidi kwa macho, ingawa walipojifunza hawakuona kitu.

Katika agwara kila mpulizaji ana sauti yake, na wimbo huzaliwa kwa kupokezana. Kungoja zamu ni sehemu ya mchezo. Aliyewahi kungoja huona mwili ulioshika pumzi. Mwingine huona mtu amesimama tu.

Basi wenyeji peke yao ndio wahakiki? La. Ubongo kuitikia si sawa na kuhukumu vyema, na mwenyeji naye ana upofu wake: naamini mwili wake humkamilishia hatua ambayo mchezaji ameiruka. Hata hivyo, jaji wa tamasha la ngoma la shule aliyekulia mbali na West Nile hutoa alama, na kwa alama hizo watoto hurudi nyumbani au husonga mbele. Afundishwe hatua zile asubuhi moja kabla ya kuketi mezani, hata akizicheza vibaya.

Na kila mhakiki aseme mapema kama amewahi kuicheza ngoma anayoihakiki. Mimi nimeicheza agwara tangu utotoni. Msomaji azipunguze sifa ninazoipa kwa kadiri hiyo.