Ufundi wa Kulipokea Teke

Mtu asimamaye alfajiri katika mwambao wa Kirumba, mjini Mwanza, akamtazama mvuvi kijana akiruka kutoka mtumbwini hadi juu ya jabali, ataona kuwa mtumbwi mtupu hukimbilia nyuma kwa kasi, ilhali ule uliosheheni dagaa husogea kidogo tu ukatulia. Na katika tukio hilo, ambalo wengi hulipita bila kulijali, imo asili ya teke la bastola. Risasi ndiyo mrukaji, bastola ndiyo mtumbwi, na kiganja cha mpigaji ndicho kipokeacho msukumo. Kadiri risasi iendavyo mbele kwa nguvu, ndivyo nguvu irudivyo nyuma, wala hapana fundi aliyepata kuifuta kanuni hiyo.

Hapo ndipo ufundi uanzapo. Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa bwana nyama zamani za Waingereza, alikuwa na Webley, rivolva iliyoundwa Birmingham kwa namna ya mwaka 1915, yenye uzito wa kilo 1.1 hivi. Siku aliyonipeleka uwanja wa shabaha, kwa idhini ya wenye mamlaka, nilinung'unika kwamba chuma kile kilinichosha kiwiko.

"Usiuchukie uzito huo, mwanangu," akasema. "Huo ndio utakaokusitiri."

Nikafyatua. Risasi ya gramu 17 ilitoka kwa mwendo wa karibu mita 190 kwa sekunde, nayo bastola ikanirudia kwa mita 3 hivi kwa sekunde, ikinisukuma kiganja pasipo kunichapa. Nilipoutazama mpini wake nikaona kuwa ulikuwa mpana, umenyooka hadi kitakoni, tofauti na ile mipini ya kale iliyopinda kama kichwa cha ndege; kwa hiyo nguvu ilienea kiganja kizima, wala haikukusanyika kwenye uti mmoja wa kidole gumba.

Hata hivyo, Webley ina ila moja. Kasiba yake imekaa juu sana ya mkono, nayo, kama tanga lililofungwa juu mno mlingotini linavyolaza chombo, huuinua mdomo wa bastola angani kila ifyatuliwapo. Ila hiyo ilipunguzwa sana katika bastola ya mwaka 1935 iliyotoka Herstal, Ubelgiji, kazi aliyoianza John Browning na kukamilishwa na Dieudonné Saive baada ya kifo chake: kasiba iliteremshwa karibu na mkono, na chuma cha juu kikaachwa kiteleze nyuma kikishindana na springi, hata msukumo ukamfikia mpigaji kidogo kidogo, kama deni lilipwalo kwa awamu. Jumla ya deni haikupungua. Mlipaji ndiye aliyepata nafuu.

Mimi nawaweka mafundi hao daraja moja na waunda mitumbwi wa Ukerewe, ambao nao hawajapata kuliamuru wimbi hata siku moja, lakini huchonga ubao ujuao namna ya kulipokea.