Tumekopa Msuko, Tumemsahau Msusi

Fungua kitabu chochote cha uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, hutachelewa kukutana na neno msuko. Msuko wa visa, msuko wa matukio. Hadithi hii imesukwa vizuri, riwaya ile imesukwa ovyo. Mtaani nako watu wanasuka nywele, wanasuka dili na wanasuka njama. Neno limetoka kwenye ukili, mkeka na kikapu, likaingia darasani, likavaa suti. Mwenye neno, yaani mama anayesuka, tumemwacha nje. Katika mashairi mengi tunayoandika sisi vijana yeye ni bibi tu aliyeketi kibarazani, mikono inatetemeka, kikapu kiko miguuni, na ubeti wa mwisho unalia eti mila zimekufa. Mimi nasema shairi la namna hiyo linaomboleza kazi ambayo mshairi wake hajaisoma.

Basi tuisome. Tuchukue kikapu cha milulu, kile ambacho sokoni huitwa kikapu cha Iringa na ambacho akina mama wa Kihehe wamerithishana kwa vizazi. Milulu ni majani marefu yanayoota mabondeni penye maji. Yanakatwa, yanaanikwa juani, mengine yanachemshwa na rangi. Kazi inaanzia kitakoni. Milulu inapishanishwa, kisha mingine inazungushwa na kubanwa, mduara juu ya mduara, na kadiri kikapu kinavyotanuka ndivyo msusi anavyoongeza milulu mipya bila kuacha tundu. Akiboronga kitakoni, ukingo wenye rangi za kupendeza hautamwokoa. Washkaji tunaoanza hadithi kwa sentensi tamu huku hatujui inasimama juu ya nini, hapo tuna la kujifunza.

Shuleni wengi tulimezeshwa kwamba fani ni kikombe na maudhui ni chai. Wengine wakakataa, wakasema fani na maudhui ni sura mbili za sarafu moja. Kwangu mimi kikapu kinaeleza vizuri zaidi. Kikibanwa sawasawa kinabeba unga. Kikilegea unga unamwagika njiani. Ubanaji ndiyo fani yake, na ndio huohuo unaokifanya kiweze kubeba. Tena mhakiki wake wa kwanza hakai chuo kikuu. Ni jirani anayekiazima kwenda nacho shughulini, na akikirudisha msusi anajua kazi yake ilikuwaje.

Kwetu Igwachanya, na Njombe kwa jumla, kuna mianzi. Mianzi hiyohiyo inayotugemea ulanzi wakati wa mvua, ndiyo hupasuliwa ikasukwa matenga. Tenga halina urembo wa kikapu cha milulu, ila limesafirisha nyanya nyingi kwenda mijini. Na kuna kihenge. Zamani ukisema kihenge watu walielewa ghala la nafaka lililosukwa kwa fito au mianzi na kukandikwa. Leo ukitaja vihenge pale Makambako, watu wanafikiria minara ya chuma ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Silaumu chuma, kwani panya hakipendi. Ninachosema ni kwamba jina limebaki bila mkono ulioliumba, na hakuna mwandishi kijana aliyeona hapo pana hadithi.

Sasa tuje kwenye soko, maana hapa ndipo kwenye soo lenyewe. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Mtu angedhani vikapu vitarudi kwa kishindo. Wapi! Wengi tulihamia kwenye mifuko mbadala ya kiwandani. Kikapu kimepata wateja wengine, wanaokitundika ukutani kama pambo. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kikapu cha ukutani hakiulizwi kama kinavujisha unga, na kisipoulizwa swali hilo miaka nenda rudi, binti anayefundishwa leo anaweza kujua rangi tu, kubana asijue. Hata hivyo sitambeza mama anayelipa ada kwa pesa ya kikapu cha pambo. Ninachodai ni kwamba kitambulisho chake kiwe na jina la aliyekisuka. Kitabu kisicho na jina la mwandishi tungekishangaa, lakini kikapu kikiandikwa “kazi ya mikono ya akina mama” tunaona sawa tu.

Tatizo hili si letu peke yetu. Huko Papua, nchini Indonesia, watu wana mfuko wa kusuka uitwao noken, unaobeba mazao, kuni na hata watoto wachanga. Mwaka 2012 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kwa kuwa wasukaji walikuwa wakipungua na mifuko ya kiwandani ikiushinda. Orodha ni jambo jema, ila orodha haijui kusuka. Kinachookoa ni mtu kukaa na mtu mwingine, siku baada ya siku, akikosea afumue.

Na wapo wanaofumua. Ziko familia ambazo watoto wao sasa wanasuka vikapu kwa kamba za plastiki zinazofungia mizigo. Mlinda mila atanuna, lakini mimi naona jadi ikiwa hai kabisa, kwa sababu mkono ni uleule na malighafi tu ndiyo imebadilika. Riwaya nayo ilitujia kutoka nje, tukaisuka kwa Kiswahili, na hakuna anayeililia.

Kwa hiyo, mwandishi mwenzangu, kabla hujamweka bibi mwingine kibarazani, mfuate msusi halisi umuulize anasukia nini, anaanzia wapi, anakijuaje kikapu kibovu, nani alimfundisha na anauza bei gani. Andika majibu yake, na kama ameridhia, jina lake pia. Na sisi wahakiki, tunaposema riwaya fulani ina msuko mzuri, tueleze basi kama inabeba unga.