Fimbo na Ndizi

Kwetu Mtwara farasi si mnyama wa kuonekana. Mbung'o wa bonde la Ruvuma walimfungia njia tangu zamani, na mtoto wa Mikindani anaweza kukua hadi akaoa bila kumwona mtu juu ya farasi ila pichani. Lakini swali la wapanda farasi, kwamba mjeledi, lijamu na hatamu vina haki gani juu ya mnyama, liliwahi kuteremshwa kwenye fukwe zetu. Machi 1866 David Livingstone alifika mlango wa Ruvuma, mikoko ikamkatalia kushusha wanyama, akageuza kaskazini hadi ghuba ya Mikindani. Alikuwa na ngamia sita, nyati wa Kihindi, nyumbu na punda. Alitaka kujua kama wangestahimili mbung'o, wachukue mizigo badala ya vichwa vya watu.

Hakupata kujua. Askari wa Kihindi aliowakabidhi wanyama hao waliwatwika kupita kiasi na kuwachapa, na shajara yake inataja vidonda na michubuko ya ngamia. Walipokufa mmoja baada ya mwingine, nani angesema kwa yakini kilichowaua: mbung'o au fimbo? Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika kisa hiki. Mnyama aliyepigwa hana tena la kukwambia.

Ufundi ulio kinyume cha huo wa fimbo uko Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambako shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini. Sisi wa kusini tunamjua panya kama kitoweo. Pale kila mmoja ana jina lake.

Mkononi mwa mwalimu mna kidude kidogo kinacholia tik. Mwanzo panya hufundishwa jambo moja tu: ikilia tik, ndizi inakuja. Kisha huwekewa harufu ya kilipuzi cha TNT chini ya kitundu, na vitundu vingine visivyo nayo. Anapita, ananusa, anapita. Akifika penye harufu, pua inatulia. Mwalimu anangoja. Akibonyeza mapema, panya atajifunza kupita mbiombio. Akichelewa nusu pumzi, panya ameshainua kichwa, na kitakachokuwa kimesifiwa ni kuinua kichwa. Tik inatakiwa kulia pua ikiwa bado imo mle mle. Nakistaajabia sana kidole gumba hicho. Mpanda farasi hodari anaujua ujuzi huohuo: farasi hujifunza pale hatamu inapolegezwa, sekunde ileile aliyotii. Kwa asiyejua kulegeza, hatamu ni fimbo tu.

Sisemi ndizi haina deni. Panya hakuomba kazi, na chakula chake kimefungwa na kazi hiyo. Ila akisita, kusita kwake kunasomwa: huenda amechoka, anaumwa, au mwalimu ndiye aliyekosea. Kwa ngamia wa Mikindani, jibu lilikuwa fimbo.

Mafunzo huchukua kama miezi tisa. Uwanjani panya huvikwa mkanda, akaenda kwenye kamba kati ya waongozaji wawili, alfajiri, kwa kuwa yeye ni mnyama wa usiku. Masikio na mkia hupakwa dawa ya kukinga jua. Akinusa bomu anakwaruza ardhi, na uzito wake hautoshi kulilipua. Eneo la kiwanja cha tenisi hulimaliza kwa nusu saa. Mtu mwenye chombo cha kutafuta chuma anaweza kutumia hadi siku nne. Ng'ambo ya Ruvuma yetu, Msumbiji, panya hawa walifanya kazi miaka mingi, hadi mwaka 2015 nchi ilipotangazwa kuwa haina tena eneo linalojulikana kuwa na mabomu hayo.

Mmoja wa panya hawa, Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, alipelekwa Kambodia, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamtunuku medali ya dhahabu. Mwaka uliofuata mwendo ulipoanza kuwa mzito, wakampumzisha. Hadi alipokufa Januari 2022, alipewa ndizi na karanga bila kunusa chochote kwanza.