HANDAKI, RISASI NA KELELE: UHAKIKI WA ISTILAHI TATU ZA FIZIKIA

Istilahi mbaya hupotosha kwa njia mbili: ama haieleweki, ama yaeleweka upesi lakini vibaya. Njia ya pili ina hatari zaidi, maana msomaji hajui kwamba amepotoka. Hapa tunahakiki maneno matatu ambayo mfasiri wa habari za nusu-vipitishi, yaani vitu kama silikoni, aweza kuyachukua kutoka kamusi ya kawaida bila kuyapima.

Tuanze na handaki. Elektroni ina tabia ya wimbi. Ikikutana na kizuizi chenye unene wa nanomita chache, huweza kutokea upande wa pili ingawa nishati yake haitoshi kukivuka kwa juu. Leo Esaki aliligundua jambo hili katika diodi huko Japani mwaka 1957, na mwaka 1973 akawa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Waingereza wameliita kwa mfano wa njia iliyotobolewa mlimani. Lakini handaki huchimbwa, nalo hubaki wazi baada ya mchimbaji kwenda zake. Elektroni haichimbi chochote, na kizuizi hubaki kizima. Kitenzi kupenya, tukitumiacho kwa unyevu ukutani, chafaa zaidi. Tunapendekeza upenyaji wa kikwantumu.

La pili ni risasi. Mwaka 1918 Walter Schottky, mwanafizikia wa Kijerumani, alieleza kwamba mkondo wa umeme katika vali za redio hauwezi kutulia kabisa, kwa kuwa umeme huja kwa chembe moja moja. Mkondo wa nanoampea 1 ni elektroni bilioni 6.2 hivi kila sekunde, nazo hufika kwa nasibu. Jina la Kijerumani alilolitoa lilitokana na marisaa, yaani zile risasi ndogo ndogo. Tukiandika "kelele za risasi", mwanafunzi atafikiri juu ya mlio wa bunduki. "Kelele za marisaa" ni sahihi, ila neno hilo wengi hawalijui. Twaona bora kelele za chembe: istilahi hii yataja sababu yenyewe, na mwalimu aweza kuifafanua kwa matone ya mvua juu ya bati.

La tatu, kelele, ndilo zito. Mwalimu husema "acheni kelele", na methali husema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Katika matumizi yote mawili kelele ni kitu cha kunyamazishwa au kupuuzwa. Ndiyo sababu ni rahisi kuifasili istilahi hii kuwa "usumbufu usiotakiwa". Fasili hiyo ni kosa. Elektroni zikipita katika vizuizi viwili vinavyolingana, iliyomo katikati huizuia ifuatayo. Mwendo huwa na utaratibu zaidi, na kelele za chembe zaweza kupungua hadi nusu. Mwaka 1997 watafiti wa Israeli na wa Ufaransa, kwa kupima kelele hizo katika nusu-vipitishi vilivyopozwa mno ndani ya ugasumaku mkali, walithibitisha kuwapo kwa chembe zenye chaji ya theluthi moja ya ile ya elektroni. Wastani wa mkondo peke yake usingeweza kulionyesha jambo hilo. Kelele ndizo zilizokuwa habari yenyewe.

Basi hatusemi neno kelele litupwe. Mafundi wa redio wamekwisha lizoea. Twasema lipewe mipaka. Umeme uingiao kutoka nje, nao waweza kuzuiwa, uitwe mwingiliano. Zile zilizopimwa na Johnson na kuelezwa na Nyquist mwaka 1928, ambazo zipo hata pasipo mkondo, ziitwe kelele za joto. Zile za Schottky ziitwe kelele za chembe.

Jambo hili si la wanafizikia peke yao. Ofisa anayetafsiri maombi ya vifaa vya maabara, akidhani kwamba kelele daima ni kasoro, ataandika "chombo cha kuondoa kelele" mahali palipotakiwa "chombo cha kupima kelele". Fedha za umma zitanunua kifaa kisichohitajika, na hakuna atakayelishuku neno. Wasomaji wenye mapendekezo bora zaidi tunawaomba wayalete.