Oksijeni: Je, Istilahi Ni Lazima Ijieleze?

Wako wafasiri wanaolalamika kuwa "oksijeni" ni sauti tupu isiyomwambia mwanafunzi lolote, na kwamba yafaa tuitafsiri maana yake ya asili. Hoja hiyo yavutia, lakini historia ya neno lenyewe yaipinga.

Mwaka 1787 Lavoisier na wenzake huko Ufaransa waliliweka jina hilo katika utaratibu wao mpya wa majina ya kemia. Lilijengwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya "ukali" na "kuzaa", kwa kuwa Lavoisier aliamini kuwa kila asidi ina oksijeni. Mwaka 1810 Davy, huko Uingereza, alionyesha kuwa asidi haidrokloriki ina haidrojeni na klorini tu. Imani ikaanguka, jina likabaki.

Wajerumani waliitafsiri maana: husema Sauerstoff, yaani "kitu kichachu". Warusi nao husema kislorod, "kizaa-ukali". Hivyo kosa la Lavoisier lasikika wazi katika lugha zao hadi leo. Wapolandi walishika njia nyingine: tlen yao yatokana na kitenzi chenye maana ya kufukuta.

Kwa maoni yetu, kama tungeunda "kizaa-asidi", mwalimu angelazimika kulikanusha neno hilo kila alitumiapo. Kazi ya istilahi ni kutaja. Kueleza ni kazi ya fasili. "Oksijeni" na ibaki. Naye mfasiri apendaye kutafsiri maana, kwanza na aichunguze kama ni ya kweli.