Faili 291: Kompyuta Inafia Wapi?

Tarehe 19 Julai 2024, saa 1 na dakika 9 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma sasisho dogo kwa wateja wake duniani. Dakika 78 baadaye ilikuwa imeliondoa. Kwa makadirio ya Microsoft, muda huo ulitosha kuangusha kompyuta milioni 8.5 za Windows: skrini ya bluu, zinajiwasha, skrini ya bluu tena. Shirika la ndege la Delta peke yake lilifuta safari 7,000 hivi katika siku tano. Swali la nani alaumiwe limeshajadiliwa vya kutosha. Kilichopewa nafasi ndogo ni namna mashine zile zilivyofufuliwa, na humo ndimo mlimo na faida kwa mtu yeyote aliyeketi mbele ya kompyuta iliyogoma kuwaka. Ninachodai ni hiki: kwa kompyuta ya aina hiyo, swali la kwanza si “kimebadilika nini?” bali “inafia wapi?”, na mkasa wa Julai 2024 ni ushahidi mzuri kuliko mwingine wowote ninaoufahamu.

Tuanze na swali ambalo karibu kila fundi hulitanguliza: ulikuwa unafanya nini, umeweka programu gani mpya? Siku ile jibu la kweli lilikuwa “sijafanya kitu”. Hata idara za teknolojia zilizojali utaratibu zilikuwa na jibu hilohilo. Programu ya Falcon ya CrowdStrike iliwaruhusu wateja kubaki toleo moja au mawili nyuma ili wengine watangulie kugundua kasoro, na walioutumia uhuru huo walianguka pamoja na wasioutumia. Sababu ni kwamba sasisho lile, faili 291, halikuwa toleo jipya la programu. Jina lake liliishia na .sys kama la draiva, lakini lilikuwa faili la data tu, orodha ya maelekezo ya kutambua mashambulizi, na mafaili ya namna hiyo yalisambazwa moja kwa moja bila kusubiri ratiba ya mteja. Draiva ya Falcon yenyewe, iliyopitishwa na utaratibu wa majaribio wa Microsoft, haikuguswa siku hiyo. Anayetafuta mabadiliko kwenye kumbukumbu za mteja angezipekua kutwa nzima asione kitu.

Sasa tuulize inafia wapi. Kompyuta huwaka kwa ngazi: umeme unafika, programu ya bodi inakagua RAM na vifaa, kipakiaji kinasomwa kutoka kwenye diski, kiini cha Windows kinaingia, draiva zinafuata, kisha ukurasa wa kuingia unatokea. Ngazi iliyopita salama huwa imeviondolea shaka kubwa vilivyo chini yake. Mashine iliyoweza kuchora skrini ya bluu imeshathibitisha kwamba umeme upo, diski inasomeka na kiini kimefika. Si ushahidi usiopingika, maana RAM mbovu huweza kudanganya, ila unapunguza sana pa kutafuta. Na skrini ile haikuwa bubu. Ilitaja kosa, PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, na jina la draiva ya Falcon, csagent.sys. Maana yake, kitu kinachoendesha kazi ndani ya kiini kimenyoosha mkono kusoma mahali pa kumbukumbu pasipokuwepo. Programu ya kawaida ikikosea hivyo hufungwa peke yake na kazi nyingine zikaendelea. Ndani ya kiini hakuna ukuta wa namna hiyo, kwa hiyo Windows husimamisha kila kitu kwa makusudi ili data isiharibike. Watu huichukia skrini ya bluu kana kwamba yenyewe ndiyo ugonjwa, ilhali ndiyo iliyotaja jina.

Zingatia pia mpangilio wa tarehe. CrowdStrike ilitoa uchambuzi wake kamili wa chanzo tarehe 6 Agosti 2024: kigezo cha faili kilitaja sehemu 21, msimbo wa programu ukaleta thamani 20, na kasoro ikajificha kwa sababu mafaili ya awali yaliiacha sehemu ya 21 ikubali chochote. Faili la 19 Julai ndilo la kwanza lililodai thamani ya 21 isomwe kweli, nayo haikuwepo. Ni maelezo mazuri, na wanafunzi wa programu wayasome. Lakini kufikia tarehe 29 Julai kampuni ilikuwa imeshatangaza kwamba takriban asilimia 99 ya mashine za Windows zimerudi kazini. Mafundi waliozirudisha hawakujua habari za sehemu 21 wala thamani 20. Walijua mashine inafia kwenye draiva gani na faili gani linaitia kiwewe, na hayo yakatosha.

Tiba yenyewe ilikuwa ya dakika chache: ingia kwenye folda ya CrowdStrike ndani ya Windows\System32\drivers, futa faili lenye jina linaloanza na C-00000291, washa upya. Ugumu ulikuwa kuifikisha. Faili baya lilikwisha kutua kwenye diski, kwa hiyo kuliondoa kwenye seva za kampuni kuliwaokoa tu wale ambao hawajalipokea. Waliobaki mashine zao zilikufa kabla zana za kuzihudumia kwa mbali hazijaamka. Dawa iko barazani, mgonjwa kajifungia ndani. Kila njia iliyofaulu ilikuwa njia ya kuingia kwenye ngazi iliyo kabla ya pale mashine inapofia. Hali salama ya Windows hupakia draiva chache za lazima tu, na csagent haikuwa miongoni mwake. Kwa mashine pepe zilizoko kwenye wingu, diski ilichomolewa, ikaunganishwa na mashine isiyo na hitilafu, faili likafutwa, diski ikarudishwa kwake. Microsoft ilifika mahali pa kuwaambia wateja wa Azure wawashe upya mara nyingi, hata mara 15, ushauri uliochekwa sana. Haukuwa ushirikina. Kati ya mtandao kuunganika na draiva kusoma faili baya kulikuwa na mbio fupi, na kila ukiwasha upya, Falcon ilipata nafasi nyingine ya kupakua faili lililorekebishwa kabla ya kuanguka. Mashine nyingine zilishinda mbio hizo.

Palipokuwa pagumu kweli ni kwenye diski zilizofungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski. Ukiingia upande wa urejeshaji, Windows hudai ufunguo wa tarakimu 48, na kila mashine ina wake. Funguo hizo kampuni nyingi huziweka kwenye seva, na mahali pengine seva zenyewe zilikuwa zimelala na skrini ya bluu. Kampuni ya uhasibu ya Grant Thornton nchini Australia ilibuni njia ninayoipenda kuliko zote: funguo ziligeuzwa kuwa misimbo ya mistari kama ile ya bidhaa za supamaketi, fundi akaisoma kwa kifaa cha kaunta. Kompyuta hukiona kifaa hicho kama kibodi, hivyo tarakimu 48 zikajiandika zenyewe bila kidole kukosea. Microsoft nayo, katika zana ya flashi iliyoitoa siku chache baadaye, iliweka njia mbili: moja inayodai ufunguo, nyingine inayoiamuru mashine iwake katika hali salama. Ya pili haikudai ufunguo katika hali nyingi, kwa kuwa chipu ya TPM hufungua diski yenyewe mradi safari ya kuwaka haijavurugwa. Ilitaka tu nywila ya msimamizi wa mashine ile.

Kuna watakaosema yote haya ni kujichosha: piga Windows upya, yaishe. Hoja hiyo si ya kubezwa. Kwenye mashine za kaunta ambazo kazi zake zote ziko kwenye seva, kupiga Windows upya ni njia ya haraka na safi. Lakini kwa aliye na hesabu za duka au tasnifu kwenye diski ileile, ni kuchoma nyumba ili kumwua panya, na mara nyingi panya hubaki. Ikiwa RAM ndiyo mbovu, Windows mpya itaanguka kama ya zamani, na mteja atarudi wiki ijayo akiwa amelipa na data hana.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: mkasa wa CrowdStrike ulikuwa wa makampuni makubwa, mashine zikifa mahali pamoja kwa sababu moja, wakati laptop ya nyumbani ina vumbi, chaji ya bandia na umeme wa kukatikakatika. Ni kweli, na ndiyo maana swali la mahali linafaa zaidi huko. Feni inazunguka na skrini ni nyeusi tangu mwanzo: acha Windows kabisa, chomoa RAM, safisha miguu yake, jaribu moja moja. Nembo inatokea kisha inadai haioni diski: angalia diski na mpangilio wa kuwaka. Inafia kwenye vidoti vinavyozunguka: jaribu hali salama. Inawaka vizuri na kuzima baada ya dakika kadhaa: shuku joto kwanza. Na kama ina skrini ya bluu, tazama iwapo jina linalotajwa ni lilelile. Jina moja kila mara huelekeza kwenye draiva au faili. Majina yanayobadilika ovyo, leo hili kesho lile, mara nyingi ni RAM au umeme.

Microsoft yenyewe imejibu kwa kufuata mantiki hiyo. Novemba 2024 ilitangaza huduma ya kuiwezesha kompyuta iliyoshindwa kuwaka kuunganika na mtandao ikiwa bado upande wa urejeshaji, ipokee tiba huko bila fundi kuifuata ilipo. Kwa tatizo kama la faili 291 ingeokoa safari nyingi. Lakini inategemea diski inayosomeka na sehemu ya urejeshaji iliyo salama, na kwa mashine iliyofia kabla ya hapo, bado atahitajika mtu mwenye bisibisi.