Mwanafunzi Aliyenyimwa Maswali: Kanuni ya Benedikto Ikisomwa Pemba

Mpemba hana haja ya kufundishwa wasia ni nini. Mkubwa humwita mdogo, humtaka atulie asikilize, kisha humpa yale ambayo umri umemfunza. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, ulitungwa upande wa Lamu lakini pwani nzima imeulea kama wake. Kwa hiyo anayefungua Kanuni ya Mtakatifu Benedikto kwa mara ya kwanza, hata kama hajawahi kumuona mmonaki, hajioni mgeni mlangoni. Utangulizi wake unaanza na baba anayemwita mwana asikilize. Fani ni ileile.

Kanuni hiyo iliandikwa Italia katika karne ya 6, na jina lake halitengani na monasteri ya Monte Cassino. Ilifika kwetu mwaka 1888 na Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien kutoka Ujerumani, waliojenga Pugu na kuipoteza Januari 1889 katika vita vya Abushiri. Baadaye wakasimamisha Peramiho (1898) na Ndanda (1906). Habari zao husimuliwa kwa hospitali, karakana, mashamba na viwanda vya kupiga chapa, na ni haki zisimuliwe hivyo. Lakini nyuma ya karakana zote hizo kuna kijitabu cha sura 73, na kijitabu hicho hakisomwi sana kama maandishi. Wanaokipenda hukisoma kama sheria, wasiokipenda hawakisomi kabisa.

Kwanza, ratiba. Sura ya 8 hadi ya 18 zinapanga sala za usiku na mchana, zaburi kwa zaburi, na kwa msomaji wa kawaida zinachosha. Aliyesoma chuoni Wete au Chake Chake hatachoka upesi, kwa kuwa anaujua ufundi huu: Qur'ani imegawiwa juzuu 30 kwa anayetaka kuhitimu kwa mwezi, na manzili 7 kwa anayetaka kuhitimu kwa wiki. Benedikto naye anataka zaburi zote 150 zimalizike ndani ya wiki. Kilichonivutia ni mwisho wa sura ya 18. Baada ya kupanga kila kitu kwa uangalifu wa karani, anasema kwamba asiyependezwa na mgawanyo huo aupange vyengine, mradi idadi itimie. Ni nadra sheria ikaacha mlango wazi namna hii. Na mlango huo unahitajika, maana saa za Kanuni zimefungwa na majira ya Italia, usiku mrefu wa baridi na usiku mfupi wa joto. Kwetu, digrii tano tu kusini ya ikweta, Novemba ni mvua za vuli, wala usiku haurefuki hata mtu akaweza kuulalia saa za ziada.

Jambo zito zaidi halionekani mpaka uweke kitabu cha pili pembeni. Wataalamu wengi leo wanakubali kwamba Benedikto alikuwa na chanzo, maandishi marefu zaidi ya mtu asiyejulikana, yaitwayo Kanuni ya Mwalimu. Chanzo hicho kimejengwa kwa maswali na majibu: wanafunzi wanauliza, na Bwana anajibu kupitia kwa Mwalimu. Benedikto alichukua mengi humo, akapunguza maneno, akalainisha ukali. Na akafuta maswali. Majibu yakabaki, yakawa amri.

Kwa msomaji aliyelelewa na ushairi wa Pemba, hapo pana pengo linalosikika. Mashairi ya Kamange na Sarahani, yaliyokusanywa katika Kale ya Washairi wa Pemba (2011, mhariri Abdilatif Abdalla), ni ya jadi ambayo shairi hutupwa ili lijibiwe, na anayepokea kimya huhesabiwa kashindwa. Wasia wenyewe haumuachi mtoto mikono mitupu, kwani Mwana Kupona anamtaka bintiye alete wino na karatasi tangu mwanzo. Binti hasemi, lakini kalamu ni yake. Mwana wa Benedikto hana swali wala kalamu.

Lakini haikubidi kuishia hapo, kwa sababu sauti iliyofutwa inarudi vipandevipande. Sura ya 3 inamtaka abate, mkuu wa monasteri, awaite wote washauriane, na sababu inayotolewa ni kwamba mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo jema. Sura ya 58 inampa mwana kalamu hatimaye: anayeweka nadhiri aandike ahadi kwa mkono wake, na asiyejua kuandika aandikiwe, kisha atie alama yake mwenyewe na kuiweka altareni. Zimepita kurasa nyingi kabla ya karatasi ile ambayo binti wa Mwana Kupona aliishika tangu mwanzo.

Kisha sura ya 66, juu ya bawabu, inamalizika kwa agizo kwamba Kanuni isomwe mara kwa mara mbele ya ndugu. Hayo ni maneno ya kufungia kitabu, na wahakiki wengi wanaamini ndipo kilipokuwa kikiishia. Sura zinazofuata zina sauti ya mtu aliyeishi na sheria yake, akaona ilipopunguka. Ya 71 inataka ndugu watiiane wenyewe kwa wenyewe, si abate peke yake. Ya 68 inamruhusu aliyepewa kazi inayomshinda aende kwa mkubwa wake, kwa wakati ufaao na kwa upole, aeleze kwa nini haiwezi.

Nadhani hiyo ndiyo sura bora ya Kanuni nzima, na pia ndiyo inayoniudhi. Nikiisoma nakumbuka kwamba kutoka Peramiho ya 1898 hadi kuanza kwa jumuiya ya wamonaki Waafrika Hanga, mwaka 1957, ilipita karibu miaka 60. Fani ya baba asiyeulizwa ilikuwa na wepesi wake mikononi mwa Mjerumani aliyewaita watu wazima watoto. Benedikto hakukusudia hivyo, lakini maandishi yakishakosa swali, kila mwenye mamlaka huyasoma kwa faida yake. Hata sura ya 68 haimwachi ndugu aamue. Akishaeleza, na mkubwa akishikilia neno lake, mdogo ajue kwamba ndiyo kheri yake, atii. Kamange na Sarahani wasingekubali malumbano ambayo mshindi wake amekwisha kutajwa kabla beti ya kwanza haijatolewa.